Wadudu Pekee au Wadudu Kwanza? Tahakiki ya Madai kuhusu Anuwai ya Kijenetiki na Asili ya Virusi vya Mbu Visivyoambukiza Wanyama

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa flavivirusi vimo virusi ambavyo majina yake yanafahamika hata kwa mtu asiyesoma sayansi: homa ya manjano, dengi, Zika na West Nile. Viwili vya mwisho vinabeba majina ya sehemu za Uganda ambako vilipatikana kwa mara ya kwanza, kimoja mwaka 1937 na kingine mwaka 1947. Virusi hivi huishi katika makazi mawili. Huzaliana ndani ya mbu, kisha huzaliana ndani ya mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye mbu huyo amemnyonya damu. Kando yake lipo kundi jingine ambalo halijapata kumlaza mtu kitandani. Virusi vya kundi hili huzaliana ndani ya mbu, lakini vikitiwa katika seli za mnyama haviendelei. Kirusi cha kwanza cha namna hii kilielezwa na Stollar na Thomas mwaka 1975, nacho hakikutafutwa. Kilikuwa kimejificha ndani ya seli za mbu Aedes aegypti zilizokuwa zikikuzwa maabara, kikabainika kwa sababu kilizifanya seli nyingine ziungane, na kwa tabia hiyo kikapewa jina linalofupishwa kuwa CFAV.

Kwa takriban miaka thelathini CFAV ilihesabiwa kuwa kioja cha maabara. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2003, Sang na wenzake walipotangaza kirusi cha Mto Kamiti. Kirusi hicho kilitokana na mbu Aedes macintoshi waliokusanywa mwaka 1999 wakiwa bado viluwiluwi na mabuu katika mabonde yaliyofurika maji, katika Mkoa wa Kati wa Kenya. Miaka iliyofuata ilileta flavivirusi ya Culex kutoka Japani (Hoshino na wenzake, 2007), kirusi cha Nakiwogo kutoka Uganda (Cook na wenzake, 2009), na vingine vingi kutoka Vietnam, Kodivaa, Brazili na Australia. Kundi hili halikuishia kwenye flavivirusi. Leo lina alfavirusi, bunyavirusi, na familia nzima ambazo hazikujulikana awali.

Pamoja na ongezeko hilo lilikua dai moja ambalo sasa hurudiwa katika tangulizi za makala nyingi kana kwamba limekwisha kuthibitishwa, nalo ni kwamba virusi vya wadudu ndivyo asili, na kwamba virusi vinavyougua watu ni watoto wake waliojifunza baadaye kuingia katika miili ya wanyama. Tahakiki hii inalipima dai hilo kwa ushahidi unaotajwa kuliunga mkono. Hoja yake ni kwamba ushahidi huo ni wa aina mbili tofauti zilizofungwa pamoja kwa neno moja, na kwamba sehemu kubwa ya dai hilo inategemea kifungo hicho.

2.0 Neno linalofunga mambo mawili

Istilahi ya Kiingereza inayotumiwa kwa virusi hivi inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa njia mbili, na njia hizo hazina maana moja. Mtu anaweza kusema virusi vya wadudu pekee, au virusi mahususi kwa wadudu. Neno pekee linaeleza mahali kitu kinapopatikana na mahali kisipopatikana. Ni taarifa ya kutokuwapo, na hudumu mpaka siku kitu hicho kitakapoonekana kwingine. Neno mahususi linaeleza kufaa: kwamba kirusi kina maumbile yaliyochongwa kwa ajili ya maisha ndani ya mdudu. Kirusi kinaweza kuwa cha wadudu pekee bila kuwa mahususi kwao. Mathalani, kinaweza kuwa kirusi kilichokuwa na makazi mawili kikapoteza moja.

Katika maandishi ya Kiingereza msomaji hahisi mshono huo, kwa sababu neno lililotumika linabeba maana zote mbili. Mtafiti huanza na jaribio linaloonyesha upekee, yaani seli za nyani au panya buku hazikuambukizwa, kisha aya mbili baadaye huzungumzia umahususi, yaani kirusi hiki kimebadilika pamoja na mbu kwa muda mrefu. Daraja kati ya kauli hizo mbili halijajengwa. Kwa anayeandika sayansi kwa Kiswahili, jambo hili si la kamusi tu. Akichagua pekee amedai kidogo. Akichagua mahususi amedai historia nzima, na mtahini ana haki ya kumwuliza ushahidi wake uko wapi.

3.0 Ushahidi wa kushindwa

Upekee huthibitishwa kwa majaribio ya kushindwa. Kirusi cha Mto Kamiti, kwa mfano, kilikua vizuri katika seli za mbu lakini hakikuonyesha dalili ya kuzaliana katika seli za mamalia zilizojaribiwa wala katika panya wachanga waliodungwa. Matokeo hayo ni ya kweli na yana uzito. Seli za Vero, zinazotumika sana katika majaribio ya aina hii, zina kasoro inayojulikana. Haziwezi kutengeneza interferoni, ile protini ambayo seli iliyoambukizwa huitumia kuziamsha seli jirani. Kirusi kinachoshindwa hata katika seli iliyokosa ulinzi huo hakiwezi kusemwa kwamba kimezuiwa na interferoni.

Lakini kushindwa katika seli chache za mamalia si kushindwa katika wanyama wote wenye uti wa mgongo. Wapo mbu wa jenasi ya Uranotaenia wanaonyonya damu ya vyura. Wapo wanaopendelea ndege. Maabara nyingi hukuza seli za nyani, panya buku na binadamu kwa sababu hizo ndizo zilizopo kwenye friji, na huzikuza katika nyuzi 37 za Selsiasi. Chura hana joto hilo. Kabla ya kumwondoa chura katika orodha ya wenyeji wa kirusi ni lazima ajaribiwe chura.

Suala la joto linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndilo nguzo ya utafiti mmoja mashuhuri. Marklewitz na wenzake (2015) walilinganisha bunyavirusi za wadudu, nyingi zikitoka Kodivaa, na bunyavirusi zinazougua wanyama, zikiwamo zile za homa ya Bonde la Ufa. Walipopandisha joto la seli hatua kwa hatua, virusi vya wadudu viliacha kuzaliana joto lilipofika nyuzi thelathini na kitu, ilhali virusi vya wanyama viliendelea. Utafiti huo ni miongoni mwa kazi bora katika uwanja huu, hasa kwa sababu ulitumia virusi hai badala ya mfuatano wa herufi peke yake. Hata hivyo, tafsiri yake kwamba joto ndilo kizuizi kati ya mdudu na mnyama inaacha swali. Mbu hana joto lake mwenyewe. Huchukua joto la mahali alipo. Mbu wa Lodwar au wa Mombasa mwezi wa Februari hupitia saa nyingi katika joto linalozidi nyuzi 32. Ikiwa kirusi chake hakivumilii joto hilo, basi kizuizi hakianzii kwenye ngozi ya mnyama. Kipo tayari ndani ya mbu, mchana, kivulini. Ingefaa kujua kama virusi vya wadudu wa maeneo ya joto kali vina mpaka ule ule. Jaribio hilo lingetenganisha kile kinachotokana na maisha ndani ya mdudu na kile kinachotokana na hali ya hewa ya msitu vilikookotwa.

Mwaka 2021 Colmant na wenzake walisogeza mjadala mbele kwa kuonyesha kwamba uzalianaji wa flavivirusi za wadudu katika seli za mamalia huzuiwa na mambo mawili: joto la mwili na protini ya kinga iitwayo ZAP, ambayo huzitambua RNA zenye herufi C na G zilizofuatana kwa wingi. Flavivirusi za wadudu zilizo za kundi kongwe hazijapunguza jozi hizo kwa kiwango kinachoonekana katika virusi vya wanyama. Hapa kwa mara ya kwanza upekee unaelezwa kwa sababu na si kwa kutokuwapo tu. Lakini maana yake ni kinyume cha inavyonukuliwa mara nyingine. Ikiwa vizuizi vinaweza kutajwa kimoja kimoja na kuondolewa maabara, basi mpaka kati ya mdudu na mnyama ni ukuta wenye milango, na kila mlango unaweza kufunguliwa au kufungwa katika mabadiliko ya kirusi, kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma.

4.0 Binamu hageuki kuwa babu

Nguzo kuu ya dai la asili ni mti wa nasaba. Flavivirusi zinapopangwa kwa mfanano wa jenomu zake, CFAV, kirusi cha Mto Kamiti na jamaa zao huunda tawi linalochipuka mapema, kabla ya matawi ya virusi vya mbu na vya kupe vinavyougua watu. Kutokana na mpangilio huo husemwa kwamba flavivirusi zilianzia kwa wadudu.

Hoja hiyo ina kasoro ambayo wanafunzi wa isimu historia wangeitambua upesi. Lugha inayochipuka mapema katika mti wa nasaba si lugha mama ya zilizobaki. Ni dada yao, nayo imepitia miaka mingi ya mabadiliko kama wao. Vivyo hivyo tawi la CFAV na Mto Kamiti. Jenomu ya kirusi cha Mto Kamiti ina takriban nukleotidi 11,000, na sehemu yake ya mwisho isiyotengeneza protini ni ndefu kuliko ile ya CFAV, ikiwa na mfuatano uliojirudia. Hiyo ni alama ya mabadiliko yaliyotokea ndani ya tawi lenyewe. Ushahidi ulio mzito zaidi ulitolewa na Firth na wenzake (2010), waliogundua kwamba flavivirusi za tawi hili zina jeni ya ziada iliyolala juu ya jeni nyingine, inayosomwa pale ribosomu inapoteleza herufi moja nyuma. Jeni hiyo haimo katika flavivirusi za homa ya manjano wala za dengi. Ama ilizaliwa ndani ya tawi la wadudu, ama ilikuwamo katika mzazi wa wote ikapotea kwa wengine. Maelezo ya kwanza ndiyo yanayodai machache zaidi. Nayo yakikubaliwa, kundi linalosemwa kuwa picha hai ya babu litakuwa ni kundi lililojitengenezea kifaa chake lenyewe. Hapa, kwa hakika, neno mahususi linastahili. Lakini linastahili kwa sababu inayolidhoofisha dai la uasili: kinachoonekana ni binamu aliyebobea katika kazi yake, na sura yake ya leo haitoshi kumchora babu.

Tatizo la pili ni kwamba virusi vyote vya wadudu pekee havikai katika tawi hilo. Blitvich na Firth (2015), katika mapitio yao mapana, walizigawa flavivirusi hizo katika makundi mawili. La kwanza ni lile kongwe lililokwisha kuelezwa. La pili lina virusi kama Nounané cha Kodivaa, Barkedji cha Senegali, Lammi cha Ufini na Nhumirim cha Brazili, ambavyo katika mti vimo katikati ya virusi vyenye makazi mawili. Maelezo mepesi kuliko yote kwa kundi hili ni kwamba babu zake waliweza kuambukiza wanyama, kisha uwezo huo ukapotea. Alfavirusi zina kisa kinachokaribiana na hicho. Kirusi cha Eilat, kilichotolewa kwa mbu Anopheles coustani wa jangwa la Negevu na kuelezwa na Nasar na wenzake (2012), hakiingii katika seli za wanyama, na hata RNA yake ikitiwa ndani kwa nguvu haizaliani humo. Vizuizi ni zaidi ya kimoja. Hata hivyo, katika mti kirusi hicho kimo ndani ya alfavirusi zinazoenezwa na mbu na hakikai kwenye shina. Waliokieleza wenyewe waliona uwezekano kwamba kilikuwa na wenyeji wa aina mbili kikapoteza mmoja.

Kwa hiyo upekee mmoja una historia mbili zinazokwenda pande tofauti. Orodha zinazohesabu virusi vya wadudu pekee kwa jumla, na kuonyesha jinsi vilivyo vingi na vinavyotofautiana, kisha zikautumia wingi huo kama ushahidi wa ukongwe, zinajumlisha vitu visivyojumlishika. Kila kirusi cha kundi la pili kinachogunduliwa kinaongeza uzito kwenye upande wa kupoteza, si wa kuanzia.

Tatizo la tatu ni la sampuli. Li na wenzake (2015) walichunguza spishi 70 za arithropodi nchini China wakapata virusi vipya 112 vya RNA hasi. Mwaka uliofuata Shi na wenzake wakapanua uchunguzi hadi zaidi ya spishi 220 za wanyama wasio na uti wa mgongo na kutangaza virusi 1,445. Baada ya kazi hizo hakuna anayeweza kukana kwamba anuwai ya kijenetiki ya virusi vya arithropodi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Lakini virusi hivyo vilisomwa kwa mfuatano wa RNA bila kukuzwa. Hakuna aliyejaribu kuviambukiza kwa kuku au kwa mjusi. Pale inapojengwa upya sifa ya babu, kirusi kilichopatikana kwa mdudu huwekewa alama ya mdudu, na programu huihesabu alama hiyo sawa na ile ya kirusi kilichojaribiwa kwa miaka. Mti ukijaa alama za namna hiyo, jibu kuhusu babu limekwisha kutolewa kabla ya hesabu kuanza. Aidha, mbu aliyesagwa mzima husagwa pamoja na kilichomo tumboni mwake, zikiwamo damu ya mnyama na viini vya vimelea.

Na wanyama wengine nao hawajatafutwa vya kutosha. Parry na Asgari (2019) walipopekua hazina za mfuatano zilizokuwa wazi kwa yeyote, walipata flavivirusi katika krasteshia na ngisi wa baharini, na wakajadili uhusiano wa virusi vya viumbe hao na vya papa. Matokeo hayo hayalifuti dai kwamba flavivirusi zilitoka kwa viumbe wasio na uti wa mgongo. Yanaweza hata kulitia nguvu. Kinachobadilika ni mahali pa mbu katika simulizi. Mbu alipewa nafasi ya kwanza kwa sababu ndiye aliyechunguzwa kwanza, na alichunguzwa kwanza kwa sababu anaambukiza watu.

5.0 Vipande vilivyoandikwa ndani ya mbu

Ushahidi bora wa uhusiano wa kale hautoki kwenye mti wa virusi. Unatoka kwenye jenomu ya mbu. Crochu na wenzake (2004) walionyesha kwamba mbu wa jenasi ya Aedes wana ndani ya DNA yao vipande vinavyofanana na flavivirusi za tawi la CFAV, kimojawapo kikiwa na fremu isiyokatika ya zaidi ya asidi amino 1,500. Flavivirusi hazina kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, hivyo kipande kama hicho huingia kwa msaada wa vifaa vya seli yenyewe, na kikiingia katika seli za uzazi hurithiwa. Mwaka 2020 Suzuki na wenzake waliondoa kipande cha aina hiyo katika Aedes aegypti, na CFAV ikazaliana kwa wingi zaidi katika ovari za mbu hao. Kipande kile kilikuwa kikizalisha RNA ndogo za kinga. Haya ni mambo ya umahususi kwa maana kamili ya neno: mbu ameweka kumbukumbu ya kirusi, na kumbukumbu hiyo inafanya kazi mahali ambapo kirusi kingepitia kwenda kwenye mayai.

Upande wa pili wa ugunduzi huu haujazingatiwa vya kutosha katika tafiti za nyanjani. Uchunguzi unaotumia vianzio vya PCR peke yake, bila kupima kama kilichokuzwa ni RNA au ni DNA ya mbu mwenyewe, unaweza kutangaza kirusi palipo na kumbukumbu ya kirusi tu. Ramani ya usambazaji iliyojengwa kwa njia hiyo, hasa kwa spishi za Aedes, inahitaji kurudiwa.

6.0 Mbu mmoja, virusi viwili

Kinachoufanya mjadala huu usiwe wa vitabuni tu ni matumaini kwamba virusi vya wadudu vinaweza kutumika kuzuia magonjwa. Katika chanjo, matumaini hayo yana msingi: uti wa Eilat umebebeshwa protini za chikungunya (Erasmus na wenzake, 2017), na uti wa kirusi cha Binjari umebebeshwa protini za flavivirusi hatari (Hobson-Peters na wenzake, 2019). Huko kinachohitajika ni upekee, nao unapimika.

Wazo la kumwambukiza mbu kirusi kisicho na madhara ili asibebe chenye madhara ni jambo jingine. Bolling na wenzake (2012) waliona kwamba mbu Culex pipiens waliokuwa na flavivirusi ya Culex walichelewa kidogo kueneza West Nile mwilini mwao. Kent na wenzake (2010) hawakupata kizuizi cha aina hiyo kwa Culex quinquefasciatus, na kwa mbu wa koloni moja waliodungwa virusi vyote viwili kwa pamoja uambukizaji wa West Nile uliongezeka. Newman na wenzake (2011), wakichunguza mbu wa nyanjani katika eneo la Chicago, walikuta virusi viwili hivyo vikiandamana kuliko ambavyo bahati ingetabiri. Kwa upande wa Aedes aegypti, Baidaliuk na wenzake (2019) waliripoti kwamba CFAV ilipunguza kuenea kwa dengi na Zika ndani ya mbu. Matokeo haya hupangwa mara kwa mara kama yanayopingana. Si lazima yapingane. Spishi za mbu ni tofauti, njia za kuambukiza ni tofauti, na sindano ya kifuani hairuki tu ukuta wa utumbo, bali huruka pia urithi kupitia mayai, ambao ndio njia inayoaminika kudumisha virusi hivi porini.

Kuhusu urithi huo, kirusi cha Mto Kamiti kina fundisho lisilonukuliwa ipasavyo. Lutomiah na wenzake (2007) walikitia katika Aedes aegypti waliofugwa maabara, na sehemu ya watoto walioambukizwa kupitia kwa mama ilikuwa karibu asilimia 4. Kiwango hicho ni kidogo mno kukidumisha kirusi kwa urithi peke yake, isipokuwa kiwe na njia nyingine au kimfaidi mbu kwa namna fulani. Lakini Aedes aegypti si mwenyeji wake. Mwenyeji wake ni Aedes macintoshi, anayetaga mayai katika udongo wa mabonde, mayai yanayosubiri mafuriko hata kwa miaka, na ambaye ndiye pia mbebaji wa virusi vya homa ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Kama kuna mahali ambapo swali la kuzuiana lina maana kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, ni ndani ya mbu huyu, aliyetoka katika yai lake mwenyewe, akiwa amerithi kirusi cha Kamiti kutoka kwa mama yake, kisha akakutana na kile cha Bonde la Ufa katika damu ya ng'ombe.